Jakob Fjelde na Sanamu za Wahamiaji wa Minnesota

Utangulizi

Wana wa Israeli walipovuka mto Yordani, Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto na kusimamishwa mahali walipopiga kambi. Sababu yake ilielezwa wazi: siku zijazo watoto wangeuliza maana ya mawe hayo, na baba zao walipaswa kuwa na la kuwajibu. Agizo hilo lilikuwa na sehemu mbili, jiwe na jibu. Historia ya makumbusho yaonyesha kwamba sehemu ya kwanza ni nyepesi kuliko ya pili. Jiwe hudumu lenyewe, lakini jibu huhitaji kurudiwa katika kila kizazi.

Makala hii inaeleza maisha ya Jakob Fjelde, mchongaji wa sanamu aliyetoka Norwe akahamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Jina lake halijulikani sana katika Afrika Mashariki, lakini watu alioishi kati yao si wageni kwa Walutheri wa Tanzania. Wahamiaji kutoka Norwe, Uswidi na Denmark waliojaa Minnesota katika karne ya 19 ndio walioanzisha sinodi na sharika ambazo baadaye zilituma wamisionari barani Afrika. Sinodi ya Augustana, iliyokuwa ya wahamiaji wa Kiswidi na ambayo kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Minneapolis, ilileta wamisionari Tanganyika katika miaka ya 1920, baada ya wamisionari wa Kijerumani kuondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Kazi yao ya Iramba na Turu ilianza mwaka 1926. Tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa imekuwa na uhusiano wa bega kwa bega na Sinodi ya Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis. Wajumbe wengi kutoka Tanzania wamepita katika miji hiyo na kuziona sanamu zake bila kusimuliwa habari za aliyezichonga.

Kutoka Ålesund hadi Minneapolis

Jakob Fjelde alizaliwa katika miaka ya 1850 huko Ålesund, mji wa wavuvi katika pwani ya magharibi ya Norwe. Alitoka katika jamaa ya mafundi wa kuchonga mbao, na kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya sanaa. Baadaye alijifunza uchongaji wa sanamu katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Copenhagen, Denmark.

Norwe ya wakati huo ilikuwa nchi maskini. Ardhi ya kulima ilikuwa ndogo, watu walikuwa wanaongezeka, na nchi yenyewe ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Uswidi hadi mwaka 1905. Mwezi Julai 1825 jahazi dogo liitwalo Restauration liliondoka Stavanger likiwa na watu 52, likafika New York mwezi Oktoba likiwa na abiria mmoja zaidi, mtoto mchanga aliyezaliwa baharini. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa uhamaji mkubwa. Katika miaka mia moja iliyofuata, Wanorwe wapatao 800,000 walivuka bahari kwenda Amerika ya Kaskazini. Wengi walikuwa wakulima, mabaharia na wajakazi. Walichukua masanduku ya mbao yenye nguo, Biblia, kitabu cha nyimbo na Katekisimu Ndogo ya Luther, na kila walipofika walitafuta kwanza ardhi, kisha mchungaji.

Fjelde alihama mwaka 1887. Alikuta Minneapolis ikiwa mji uliokua kwa haraka kutokana na viwanda vya kusaga ngano na kupasua mbao kando ya mto Mississippi. Wahamiaji wa Skandinavia walikuwa na makanisa, magazeti na vyama vyao. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni kumbukumbu ya hadhara iliyowatambulisha kama sehemu ya nchi ile. Mji wenyewe haukuwa na umri wa kutosha kuwa na sanamu nyingi. Mchongaji aliyesomea Ulaya alikuwa mtu adimu, hata hivyo uadimu huo haukumhakikishia riziki.

Kazi na riziki ya mchongaji

Yafaa msomaji aelewe namna kazi hii inavyofanyika, kwa kuwa bila hivyo maisha ya Fjelde hayataeleweka. Mchongaji wa sanamu za shaba huanza na udongo laini, ambao huufinyanga juu ya kiunzi cha chuma au mbao. Umbo likikamilika hufunikwa kwa plasta ili kupata kalibu, na kutoka katika kalibu hiyo hutolewa sanamu ya plasta. Plasta ni nyeupe na hupendeza, lakini haivumilii mvua wala baridi. Ili sanamu isimame uwanjani kwa miaka mingi, lazima ipelekwe kwa mafundi wa kuyeyusha madini, ambao humimina shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye gharama kubwa. Mchongaji maskini aweza kumaliza kazi yake kwa ustadi wote, kisha ikakaa miaka katika plasta ikisubiri fedha za shaba.

Fjelde alijipatia riziki kwa kutengeneza sanamu za vichwa na mabega za watu mashuhuri wa Minnesota. Iliyojulikana kuliko zote alikuwa ameianza kabla ya kuhama. Mwaka 1885 mwandishi wa tamthilia Henrik Ibsen, ambaye mwenyewe aliishi nje ya Norwe tangu 1864, alirudi kuitembelea nchi yake, na Fjelde akapata nafasi ya kuifinyanga sura yake akiwa hai mbele yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, miaka kadhaa baada ya kifo cha mchongaji, nakala za shaba za sura hiyo ziliwekwa na wahamiaji wa Kinorwe katika bustani ya Como mjini Saint Paul, Wahpeton katika North Dakota, na Tacoma kwenye pwani ya Pasifiki.

Alichonga pia sanamu ya Minerva, mungu wa hekima wa Warumi wa kale, kwa ajili ya maktaba ya umma ya Minneapolis iliyofunguliwa mwaka 1889. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1961, lakini sanamu ikahifadhiwa.

Sanamu mbili ambazo hakuziona

Wanorwe wa Minneapolis walitaka kumbukumbu yao wenyewe, na mtu waliyemchagua alikuwa Ole Bull, mpiga fidla kutoka Bergen aliyeishi kati ya 1810 na 1880. Ole Bull alikuwa amezunguka Ulaya na Amerika akipiga muziki wa nchi yake. Mwaka 1852 alianzisha makazi ya wahamiaji wa Kinorwe huko Pennsylvania, yakaitwa Oleana. Makazi hayo hayakudumu, kwani ardhi ilikuwa ya milima na isiyofaa kwa kilimo, na hati zake zilikuwa na kasoro. Walakini wahamiaji walimpenda, kwa sababu aliwafanya wenyeji wa Marekani wasikilize sauti ya Norwe kwa heshima. Fjelde alimchonga akiwa amesimama na fidla yake begani, kama mtu aliye katikati ya wimbo.

Kazi nyingine ilitoka kwa jimbo lenyewe. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipoanza mwezi Aprili 1861, gavana wa Minnesota, Alexander Ramsey, alikuwa wa kwanza kumtolea Rais Lincoln askari. Kikosi cha Kwanza cha Minnesota kilipata sifa yake kuu katika vita vya Gettysburg, Pennsylvania. Alasiri ya tarehe 2 Julai 1863, mstari wa jeshi la Muungano ulikuwa umevunjika, na adui alikuwa anaukaribia mwanya. Askari 262 wa Minnesota waliamriwa kushambulia jeshi lililowazidi kwa mbali, ili kununua dakika chache mpaka msaada ufike. Kwa mujibu wa maandishi ya mnara wao, watu 215 kati yao walianguka. Mstari haukuvunjwa.

Fjelde aliingia nchini miaka 24 baada ya siku hiyo. Hakuwa na ndugu katika mapigano yale, wala hakuwahi kuwa askari wa Marekani. Ndiye hata hivyo aliyepewa kazi ya kuwapa sura askari hao. Alimfanya askari mmoja, asiye na cheo wala jina, anayekimbia mbele akiwa na bunduki yenye singe, juu ya msingi mrefu wa jiwe la graniti. Hakumchonga jenerali juu ya farasi. Mwenye kuitazama sanamu hiyo anaona mtu aliyeamriwa kukimbia kuelekea mauti na akakimbia.

Mchongaji hakuiona sanamu yoyote kati ya hizo mbili ikizinduliwa. Alifariki mwezi Mei 1896 akiwa bado mtu wa makamo, akaacha mjane na watoto wadogo. Sanamu ya Ole Bull ilizinduliwa katika bustani ya Loring tarehe 17 Mei 1897, siku ambayo Wanorwe huadhimisha katiba yao ya mwaka 1814. Mnara wa Gettysburg ulizinduliwa tarehe 2 Julai mwaka huohuo. Umati ulishangilia, hotuba zilitolewa, naye aliyezifinyanga alikuwa kaburini kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Hiawatha, Minnehaha na wenyeji wa nchi

Kazi ya Fjelde inayotembelewa na watu wengi zaidi iko katika bustani ya Minnehaha mjini Minneapolis, juu kidogo ya maporomoko ya maji. Ni kijana wa Kihindi wa Amerika aliyembeba msichana mikononi akivuka kijito. Fjelde aliitengeneza kwa plasta, ikaonyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893. Watoto wa shule wa Minnesota walichanga senti zao kwa ajili ya sanamu hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kilichelewa kujaa: ilipita miaka kumi na mitano hivi tangu kifo cha mchongaji ndipo sanamu ikasimama pale bustanini ikiwa ya shaba.

Sanamu hiyo ni nzuri, na ndiyo inayoleta swali gumu kuliko zote. Vijana wawili wanaoonyeshwa, Hiawatha na Minnehaha, wametoka katika utenzi wa Henry Wadsworth Longfellow uliochapishwa mwaka 1855. Longfellow alilichukua jina la Hiawatha kutoka kwa kiongozi wa kale wa mataifa ya Iroquois ya mashariki, akamvisha masimulizi ambayo mengi yalikuwa ya Waojibwe, kisha akamwoza msichana wa Kidakota aliyepewa jina la maporomoko. Watu halisi wa mahali pale walikuwa Wadakota. Neno “mni” katika lugha yao maana yake ni maji, nalo limo katika jina la Minnehaha na katika jina la Minnesota yenyewe.

Mwaka 1862, baada ya mikataba iliyowapokonya ardhi na malipo yaliyocheleweshwa hadi wakaona njaa, sehemu ya Wadakota waliingia vitani. Mamia ya walowezi waliuawa, wakiwemo wahamiaji wa Kijerumani na wa Skandinavia. Vita viliposhindwa, Wadakota 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato tarehe 26 Desemba 1862, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwaondoa Wadakota katika Minnesota. Wahenga wa Kiswahili walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa Wadakota haikuwa hivyo. Fjelde alipofika, robo karne ilikuwa imepita, na nchi ilikuwa imeanza kuwapenda katika utenzi watu iliowafukuza katika mashamba.

Mwaka huohuo wa 1893 dada zake Fjelde, Pauline na Thomane, waliokuwa mafundi hodari wa kutarizi, walitarizi bendera ya kwanza ya jimbo la Minnesota, nayo ikapata medali ya dhahabu katika maonyesho ya Chicago. Katikati ya bendera hiyo palikuwa na nembo ya jimbo: mlowezi anayelima kwa plau, bunduki yake ikiwa karibu, na Mhindi juu ya farasi akienda zake. Nembo ile, ambayo mabadiliko yake kadhaa hayakuondoa picha hiyo ya msingi, ilitumika hadi mwaka 2024. Tarehe 11 Mei mwaka huo Minnesota ilianza kutumia bendera na nembo mpya, baada ya wengi, hasa wazawa wa mataifa ya asili, kueleza kwa miaka mingi kwamba picha ile iliadhimisha kufukuzwa kwao. Hakuna aliyedai kwamba sindano ya akina Fjelde ilikuwa mbaya. Kilichokataliwa ni jibu ambalo jiwe lile, kwa kusema kwa mfano wa Yoshua, lilikuwa linawapa watoto.

Mwana na sanamu ya Lincoln

Paul Fjelde, mwana wa Jakob, alizaliwa Minneapolis mwaka 1892. Hakuwa ametimiza miaka minne baba yake alipofariki, lakini akafuata kazi ileile na kujifunza Chicago. Mwaka 1914 Norwe iliadhimisha miaka mia moja ya katiba yake. Watu wa North Dakota, jimbo lenye wahamiaji wengi wa Kinorwe, waliamua kuipelekea nchi ya asili zawadi, na Paul, aliyekuwa na umri wa miaka 21, ndiye aliyeitengeneza: sanamu ya kichwa cha Abraham Lincoln. Gavana Louis B. Hanna aliivusha bahari, nayo ikazinduliwa katika bustani ya Frogner, mji mkuu wa Norwe, tarehe 4 Julai 1914.

Kwa miaka 26 ilikuwa zawadi ya adabu tu. Kisha mwezi Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani ya Hitler yakaivamia Norwe. Mikutano ya hadhara ilikatazwa. Katika miaka ya ukaliaji, hadi 1945, kila ilipofika tarehe 4 Julai watu walikusanyika mbele ya sanamu ya Lincoln wakainamisha vichwa, bila hotuba na bila bendera. Kusimama kimya mbele ya mtu aliyekomesha utumwa lilikuwa tamko ambalo kila mmoja alilielewa.

Kanisa la Kilutheri la Norwe lilikuwa na tamko lake pia. Mwezi Februari 1942 maaskofu, wakiongozwa na Eivind Berggrav, walijiuzulu nyadhifa zao za serikali, na siku ya Pasaka mwaka huo wachungaji walio wengi wakafanya vivyo hivyo, wakiendelea kuhudumia waumini wao bila mshahara wa dola. Sanamu ya Fjelde na mimbari ya kanisa zilishuhudia jambo moja katika mwaka mmoja.

Kanali Heg na kanisa la Muskego

Sanamu nyingine ya Paul Fjelde inagusa historia ya Walutheri moja kwa moja. Ni ya Kanali Hans Christian Heg, iliyosimamishwa katikati ya miaka ya 1920 mbele ya jengo la bunge la jimbo la Wisconsin, mjini Madison.

Heg alizaliwa Lier, Norwe, mwaka 1829, akahamia Wisconsin na wazazi wake mwaka 1840. Katika makazi yao ya Muskego, ghala la baba yake, Even Heg, ndilo lililotumika kwa ibada kabla ya kuwa na kanisa. Ndimo alimobarikiwa mwaka 1843 Claus Lauritz Clausen, mzaliwa wa Denmark, kuwa mchungaji wao. Kanisa lao la magogo, lililowekwa wakfu mwaka 1845, huhesabiwa kuwa la kwanza kujengwa na Walutheri wa Kinorwe nchini Marekani. Baadaye liliachwa, likatumika kuhifadhia vitu vya shamba, hata mwaka 1904 likahamishiwa katika uwanja wa seminari ya Kilutheri mjini Saint Paul. Wanafunzi wa theolojia kutoka Tanzania waliosoma huko wamepita mbele ya mlango wake.

Heg alikuwa mpinzani wa utumwa. Vita vilipoanza aliongoza Kikosi cha 15 cha Wisconsin, kilichokuwa na Wanorwe wengi, na mchungaji wa kikosi hicho mwanzoni alikuwa yuleyule Clausen. Heg alijeruhiwa huko Chickamauga akafariki mwezi Septemba 1863.

Wakati huohuo Sinodi ya Kinorwe ilikuwa katika mgogoro ambao si rahisi kuusoma leo. Viongozi wake walishikilia kwamba Maandiko hayakuutaja utumwa kuwa dhambi kwa asili yake, ingawa walikiri kwamba ulijaa maovu. Walei wengi, ambao wana wao walikuwa wanakufa vitani, walikataa fundisho hilo. Clausen aliwaunga mkono walei, na mwaka 1868 akajitenga na sinodi. Kwa hiyo sanamu ya Heg ni kumbukumbu ya kanali, na tena ni kumbukumbu ya waumini wa kawaida waliolitambua tendo la haki mapema kuliko wachungaji wao.

Usiku wa tarehe 23 Juni 2020, wakati wa maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi na ukatili wa polisi, kundi la watu liliiangusha sanamu hiyo, likaikata kichwa na kuitupa ziwani. Dhuluma waliyoilalamikia ilikuwa ya kweli. Mtu waliyemtupa majini alikuwa amekufa akipigana na mzizi wa dhuluma hiyohiyo. Sanamu ilikarabatiwa ikarudishwa mahali pake mwaka 2021. Katika miaka mia moja shaba ilikuwa imetunzwa vizuri, ila habari za yule kanali hazikuwa zimesimuliwa kiasi cha kutosha kwa wale waliopita mbele yake kila siku.

Mafundisho kwa usharika wa miaka mia moja

Usharika unaotimiza karne moja nao una mawe yake. Lipo jiwe la msingi lenye tarehe na jina la aliyeliweka. Ipo kengele iliyoletwa kwa meli. Yapo makaburi ya wamisionari yaliyosafishwa kwa ajili ya sikukuu. Historia ya Fjelde na jamaa yake yaonya kwamba hayo yote yaweza kubaki salama huku maana yake ikipotea.

Yaonya pia kwamba si kila aliyejenga huandikwa. Katika sharika nyingi za Tanzania, mawe ya kanisa la kwanza yalibebwa vichwani na akina mama, maji ya kuchanganyia udongo yalichotwa na watoto wa kipaimara, na Neno lilifikishwa vijijini kwa miguu na wainjilisti wenyeji ambao majina yao hayamo katika taarifa zilizopelekwa Ulaya na Amerika. Zipo jamaa zilizotoa kiwanja cha kanisa, na pengine wapo waliohamishwa ili kiwanja kipatikane. Historia inayostahili jina hilo huwataja wote wawili. Kadhalika ipo migogoro ambayo wazee walipendelea isisemwe: nani alikosea katika suala la mila, la uongozi au la mali, na kama walei au wachungaji ndio waliokuwa upande wa haki. Wanorwe wa Minnesota na Wisconsin hawakupungukiwa heshima kwa kuandika mgogoro wao juu ya utumwa. Wangepungukiwa zaidi kama wangeuficha.

Jakob Fjelde alifanya kazi yake ikabaki katika plasta, na wengine ndio waliotafuta shaba: chama, jimbo, watoto wa shule na senti zao. Wale walioanzisha sharika za Iramba, Iringa, Usambara au Kilimanjaro nao waliacha kazi iliyokuwa bado laini, wakafariki kabla ya kuona kanisa la matofali, shule au hospitali. Jukumu la kizazi cha jubilei ni kuwaeleza watoto wa shule ya Jumapili mawe yaliyopo yana maana gani, kwa majina kamili na kwa ukweli wote, maadamu wazee wanaoyajua majina hayo wangali hai na waweza kuulizwa.